Mshipa wa Ubongo Ukiziba au Ukipasuka: Tiba ya Sasa na Wajibu wa Watu wa Nyumbani



Miongoni mwa maradhi yamwingiayo mtu kwa ghafla, asiyatazamie wala asijiandae nayo, hapana yaitishayo nyumba kama kiharusi. Mtu huamka mzima, akatia udhu, akasali, akashika jembe kwenda kupalilia kabichi zake. Na kabla ya adhuhuri mkono umelegea, mdomo umekwenda upande, na ulimi umekuwa mzito hata hawezi kuita jina la mwanawe. Jamaa hukusanyika. Mmoja asema huo ni upepo, wa pili asema amepitiwa na jini, wa tatu asema kuna mwenye husuda katika mtaa. Na katika mabishano hayo saa hupita. Nazo saa hizo ndizo zenye thamani kubwa kabisa katika umri wa mgonjwa yule.

Makusudio yetu katika makala haya ni mambo mawili. La kwanza ni kueleza namna madaktari wa siku hizi wanavyoweza kuingia ndani ya mshipa wa ubongo na kuutibu pasipo kupasua fuvu. La pili, ambalo ni kubwa zaidi kwetu sisi tukaao juu ya milima ya Usambara, ni kueleza kazi iliyobaki mikononi mwa watu wa nyumbani. Kwa maana tiba hii, pamoja na ajabu yake yote, haimfai mgonjwa aliyecheleweshwa.

UBONGO NA MIFEREJI YAKE

Uzito wa ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu mbili tu katika mia ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu sehemu ishirini katika mia ya hewa safi ichukuliwayo na damu. Wala ubongo hauna ghala ya kuweka akiba. Hula kila dakika kile kiletwacho dakika ile.

Mtu wa Usambara hahitaji mfano wa mbali ili alifahamu jambo hili. Tangu zamani wazee wetu wamechimba mifereji ya kuyaongoza maji kutoka vijito vya mlimani mpaka kwenye makonde. Twajua sote kwamba mfereji hudhurika kwa njia mbili. Ama huzibwa na majani na udongo, na shamba la chini likakauka. Ama ukingo wake hudhoofu na kubomoka, maji yakamwagika mahali pasipotakiwa yakaharibu mimea. Hali ya mishipa ya ubongo ni hiyo hiyo.

Mshipa ukizibwa na donge la damu iliyoganda, sehemu ya ubongo inayonyweshwa na mshipa ule huanza kufa. Hiki ndicho kiharusi cha kuziba. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukizibwa, chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika moja ipitayo. Msomaji na azizingatie hesabu hizo, kisha akumbuke urefu wa mabishano yale tuliyoyataja mwanzo.

Mshipa ukipasuka, damu humwagika ndani ya ubongo au kandokando yake. Hiki ni kiharusi cha kuvuja damu, nacho kina asili nyingi. Aghalabu ni shinikizo la damu, ambalo watu wamezoea kuliita presha, lililovipiga vimishipa vidogo miaka mingi mpaka kimoja kikachoka. Lakini wako watu ambao ukuta wa mshipa wao mmoja umefura ukawa kama kifuko kidogo, mfano wa mpira wa baisikeli unapotoa uvimbe mahali palipokonda. Mtu huweza kuishi na kifuko hicho miaka mingi asijue. Siku kikipasuka hupata maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaona maishani mwake, yakimjia mara moja kama pigo. Na wako wengine waliozaliwa na fundo la mishipa iliyosokotana kichwani, lenye kuweza kuvuja au kuleta kifafa hata kwa kijana.

ELIMU ILIVYOSAFIRI

Elimu ya mishipa haikuzuka siku moja, wala si mali ya taifa moja. Ibn Sina, katika kitabu chake cha utabibu kiitwacho Al-Qanun, aliuzungumza ugonjwa wa sakta, yaani ule umwangushao mtu kwa ghafla, katika mlango wa maradhi ya kichwa. Ibn al-Nafis, aliyezaliwa nchi ya Sham na kufariki Misri mwaka 1288, ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu, ndipo ikafika upande wa kushoto. Mabwana hao walikuwa watu wa dini na wa elimu pamoja. Nao waliyatafuta maradhi ya mwili ndani ya mwili.

Zikapita karne nyingi. Mwaka 1927, katika mji wa Lisbon nchini Ureno, daktari Egas Moniz alitia dawa katika mishipa ya shingo iendayo kichwani, akapiga picha ya eksirei. Mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ikaonekana kama mizizi ya mti. Mwaka 1953 daktari wa Uswidi, Sven Seldinger, alitoa njia nyepesi ya kuingia mshipani: sindano kwanza, kisha uzi mwembamba wa madini ndani ya sindano, kisha sindano hutolewa na mrija mwororo hupitishwa juu ya uzi ule. Njia hiyo yatumika mpaka leo ulimwenguni kote. Mwaka 1964, katika mji wa Portland huko Marekani, Charles Dotter aliutumia mrija kufungua mshipa wa mguu wa bibi mwenye umri wa miaka 82, ambaye madaktari walikuwa wakitaka kumkata mguu naye akakataa. Mguu ulipona, akautembelea mpaka mwisho wa umri wake.

Ama kwa ubongo, jina la Fedor Serbinenko wa Moscow halisahauliki. Husimuliwa kwamba aliwaona watoto katika sherehe za Mei Mosi mwaka 1959 wakichezea maputo yaliyofungwa kwa nyuzi, akawaza: jee, haiwezekani puto dogo likapelekwa ndani ya mshipa, likajazwa na kuachwa huko? Katika miaka ya 1970 alikwisha kuwatibu watu kwa njia hiyo. Kisha Guido Guglielmi, Mtaliana aliyefanya kazi Los Angeles, alibuni uzi laini sana wa platinamu ujikunjao kama chemchemi. Mwaka 1990 ulitumika kwa mgonjwa wa kwanza. Uzi huo hupelekwa ndani ya kile kifuko cha mshipa, hujikunja na kukijaza, kisha umeme kidogo huupitia na kuukata na waya ulioubeba. Damu haiingii tena katika kifuko, na hatari ya kupasuka hupungua sana.

KAZI YENYEWE HUFANYWAJE?

Mgonjwa hulazwa chini ya mashine ya eksirei. Daktari hutoboa tundu dogo katika mshipa wa kinena, au wa kifundo cha mkono, akapitisha mrija mwembamba uitwao katheta. Mrija huo hupanda katika mshipa mkubwa wa mwili, hupita karibu na moyo, hupanda shingoni mpaka ubongoni. Na muda wote huo daktari auangalia katika kioo kama aangaliaye ramani. Dawa inayoonekana katika eksirei humwagwa kidogo kidogo ili kuonyesha njia.

Akifika penye ugonjwa, kazi hutofautiana. Ikiwa ni donge la damu, hulifyonza kwa mrija au hulinasa kwa kiwavu cha madini na kulivuta nje. Ikiwa ni kifuko, hukijaza nyuzi za platinamu. Ikiwa ni fundo la mishipa, hutia gundi maalumu ya kuliziba. Kazi ikiisha, mgonjwa hana jeraha ila lile tundu dogo.

Wala haya si maneno ya kusifu bila ya kupima. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2002, wagonjwa 2,143 ambao vifuko vyao vilikuwa vimepasuka waligawanywa mafungu mawili: fungu moja walipasuliwa kichwa, fungu la pili walitibiwa kwa nyuzi za ndani ya mshipa. Mwaka mmoja ulipopita, katika kila wagonjwa 100 waliopasuliwa, kiasi cha 31 walikuwa wamekufa au hawajiwezi. Na katika kila 100 waliotibiwa kwa nyuzi, kiasi cha 24. Na mwaka 2015 yalitangazwa majaribio matano ya kutoa donge la damu. Katika lile la Uholanzi, lenye wagonjwa 500, waliorudia kujitegemea baada ya siku 90 walikuwa 33 katika kila 100 kwa waliotolewa donge, na 19 tu kwa wale ambao hawakutolewa.

Msomaji ataona kwamba hata palipo na kila chombo, si wote waponao. Tiba hii ina hatari zake: mshipa huweza kutoboka, na donge huweza kukatika likaenda mbele. Anayesema kwamba mrija huu huponya kila kiharusi anadanganya. Na khasa ile damu inayovuja kwa sababu ya presha, katika vimishipa vidogo vilivyo ndani kabisa ya ubongo, kwa kawaida haitibiwi kwa mrija. Dawa yake kubwa ni kuizuia isitokee.

TIBA IKO WAPI NCHINI KWETU?

Zamani Mtanzania aliyehitaji matibabu haya alipelekwa ng'ambo, mara nyingi India. Na asiye na uwezo alibaki na ugonjwa wake. Hali hiyo imeanza kubadilika. Mwaka 2018 madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani walianza kuja kwa zamu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, kuwafundisha madaktari wetu kutibu ndani ya mwili kwa kuongozwa na picha. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya elimu hiyo, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 2021. Ama kwa kichwa khasa, Taasisi ya Mifupa na Ubongo ya Muhimbili, ijulikanayo sana kwa jina la MOI, ina maabara yake ya kuchunguza na kutibu mishipa ya ubongo kwa njia hii ya mrija, iliyofunguliwa katika miaka ya karibuni.

Hii ni neema kubwa. Lakini mtu wa Lushoto hana budi kuuliza: kutoka kwangu mpaka huko ni mwendo gani? Kutoka Lushoto mjini mpaka Mombo ni kilomita 33 hivi za barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, maporomoko upande mmoja na mwamba upande wa pili. Kutoka Mombo mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300. Na akaaye Mtae au Mlalo ana safari nyingine ya kufika Lushoto kwanza, ambayo katika masika huwa ni safari ya utelezi na subira.

Hapa ndipo tunapopasa kupambanua, kwa kuwa maradhi haya matatu hayana saa moja. Dawa ya sindano ya kuyeyusha donge hutolewa kwa kawaida ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu maradhi kuanza. Kulitoa donge kwa mrija kwa kawaida ni ndani ya saa sita. Majaribio ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha muda huo waweza kufika saa 24. Kwa hiyo mgonjwa wa milimani mwenye donge amo katika mashindano na saa, na mara nyingi barabara itamshinda.

Lakini mwenye kifuko kilichovuja kidogo, akabaki hai, hali yake ni nyingine. Hatari yake kubwa ni kuvuja mara ya pili, na hatari hiyo huzidi katika siku za mwanzo. Huyu akipigwa picha mapema na kupelekwa kwenye hospitali kubwa, safari ya Dar es Salaam yaweza kuwa ndiyo uhai wake. Na mwenye fundo la mishipa, anayeanguka kifafa au kuumwa kichwa, aghalabu ana muda wa kupangiwa safari yake kwa utulivu. Basi mtu asiseme, "Muhimbili ni mbali, tumwache hapa hapa." Aulizwe daktari kwanza, ijulikane ni ugonjwa upi.

MJI NA MLIMA

Iko khabari moja ambayo yafaa vijana waisikie, khasa wale wanaoteremka kila mwaka kutafuta riziki Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu viharusi vipya katika sehemu za Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Baada ya kusawazisha umri wa watu, waliona kwamba kila mwaka mjini Dar es Salaam walipata kiharusi watu 316 katika kila 100,000, na Hai watu 109. Hesabu ya mji ilikaribia mara tatu ya hesabu ya shamba.

Tena wataalamu wengine, waliotoa khabari zao mwaka 2008, waliwauliza watu wa pande hizo mbili kiharusi hutokana na nini. Wengi wa Hai walisema presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Nao walikwenda hospitali kwanza. Wengi wa Dar es Salaam walisema ni mapepo na uchawi. Nao wakaiepuka hospitali, wakatangulia kwa waganga wa kienyeji. Tazama mambo haya! Walio na hospitali kubwa mlangoni mwao ndio walioikimbia, na walio mbali ndio walioitafuta. Basi umbali si wa barabara peke yake; kuna umbali wa fikra, na huo unaweza kumtenga mtu na tiba hata akiwa jirani nayo.

Sisi Waislamu tunaamini kuwako kwa majini, na dua kwa mgonjwa ni jambo jema lisilokatazwa na daktari yeyote. Lakini kuamini kuwako kwa kitu si kukibebesha kila ugonjwa. Mgonjwa aombewe dua akiwa ndani ya gari liendalo hospitali. Asilazwe sebuleni siku tatu akifukizwa ubani huku ubongo wake ukikauka kama konde lililokosa maji.

YAPASAYO KUFANYWA NYUMBANI

Kwanza, kila mmoja katika nyumba, hata mtoto wa madrasa, azijue dalili. Mwambie mgonjwa atabasamu: jee, upande mmoja wa uso umelegea? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: jee, mmoja wateremka? Mwambie aseme maneno mepesi: jee, ulimi wababaika? Kadhalika maumivu makali ya kichwa yajayo mara moja, kupoteza nuru ya macho ghafla, na kupepesuka bila sababu. Moja tu ya dalili hizi yatosha kuondoka.

Pili, tazameni saa mkaiandike. Daktari atauliza, "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Jibu la swali hilo ndilo laweza kufungua au kufunga mlango wa tiba.

Tatu, msimpe chakula, wala maji, wala dawa ya kumeza. Koo lake huenda limelegea, akapaliwa. Wala asipewe aspirini kwa kukisia, maana ikiwa damu inavuja, dawa hiyo itaongeza uvujaji. Kuziba na kuvuja hakutambulikani kwa macho, bali kwa picha ya mashine ya siti-skani. Na mashine hizo siku hizi zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Mlazeni kwa ubavu ikiwa atapika au amezimia.

Nne, safari ipangwe kabla ya ugonjwa. Katika kila msikiti na kila kitongoji tuna vyama vya kuchangiana maziko na arusi. Ni vizuri kumchangia maiti sanda. Jee, si vizuri zaidi kuwa na mfuko wa kumteremsha mgonjwa Mombo usiku akingali hai? Ijulikane mapema ni gari la nani litakaloitwa, namba yake ya simu ni ipi, na nani atakayefuatana na mgonjwa.

Tano, presha ipimwe. Aliyepita miaka arobaini asipitishe mwaka bila kupima, na mwenye wazazi waliopata kiharusi aanze mapema. Presha haiumi, ndiyo maana watu wengi huibeba bila ya kujua. Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa amejiona mzima, kwani huo uzima ameupata kwa vidonge. Unapokaribia mwezi wa Ramadhani aende akamwone daktari wake. Vidonge vingi vyaweza kupangwa wakati wa futari na daku, na ambaye ugonjwa wake haumruhusu kufunga, sheria yetu imemwekea ruhusa. Chumvi ipunguzwe, tumbaku iachwe, na mboga za milima yetu, tunazozipakia kwenye malori kila siku kuwapelekea watu wa mjini, tuzile na sisi wenyewe.

Sita, gharama. Tiba hii si ya bei ndogo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Basi mwenye nyumba asingoje ugonjwa umpige hodi ndipo aulize khabari za bima. Akaulize sasa, akiwa mzima.

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kutoka pamoja kusafisha mifereji kabla ya msimu, wala hawakungoja makonde yakauke. Hapana aliyesema kwamba mfereji hauko katika shamba lake, kwa kuwa aliye chini humtegemea aliye juu. Na tuifanye desturi hiyo katika jambo hili pia: jirani amjulie jirani yake, kijana ampeleke babu yake akapimwe, na mwenye gari asizime simu yake usiku. Madaktari wetu wamekwisha jifunza kuufuata mshipa mpaka ndani ya ubongo. Yaliyobaki, kuanzia mlango wa nyumba mpaka mlango wa hospitali, ni yetu sisi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wepesi wa kuwasaidia. Amin.